Njaa ya Ami Hilal

Maskati,
Mwezi wa Shaabani

Mama yangu mzazi,

Nakubusu mikono yote miwili, kisha kichwani, kisha mikono tena, maana mabusu ya mwanzo yatakuwa yameshapoa njiani. Shikamoo mama. Mimi mwanao Nassor ni mzima, sina homa wala kikohozi, na joto la huku nimeshalizoea mpaka linanitania. Kila barua nakuuliza hali yako, nawe kila barua unanijibu kuwa hujambo, unakula vizuri na unalala vizuri. Barua yako ya mwisho nayo ilisema hivyo hivyo. Lakini ndani ya bahasha ile ile kulikuwa na kikaratasi kimekunjwa mara nne, hati ya dada Zuhura, nacho kimesema mengine. Usimgombeze, mama. Anasema kanga unaizungusha mara mbili na bado inakuteleza. Anasema ukiwekewa sahani unajibu "nshakula," na akienda jikoni anakuta sufuria haijaguswa.

Nimekisoma kikaratasi hicho mara nyingi mpaka mikunjo imetoboka. Kisha nikakaa nikakuandikia barua hii, nayo itakuwa ndefu, kwa hivyo mwambie Zuhura akusomee polepole na asiruke kitu. Nataka nikupe habari za maradhi ya Ami Hilal. Na siwezi kukupa habari hizo bila ya kukupa kwanza habari za kazi yangu, ambayo nimekuficha tangu mwaka jana.

Nilikwambia nafanya kazi dukani Matrah, na huo si uongo. Nisichokwambia ni kazi gani. Mama, mimi natwanga. Mwanao uliyemsomesha mpaka akawa karani wa kuvaa koti, mwanao uliyekuwa ukimfukuza jikoni kwa mwiko, leo anakaa mkekani tangu asubuhi na kinu cha shaba baina ya magoti, anatwanga tangawizi kavu, pilipili manga, bizari nyembamba na mvuje. Nikirudi nyumbani watu wanajua nimefika kabla sijabisha hodi, kwa harufu. Na nakwambia kweli ya Mungu, sijawahi kuionea fahari kazi yoyote kama ninavyoionea hii.

Mwenye duka ni Mzee Jetha, Baniani, tabibu na mtoto wa matabibu. Waarabu humwita Hakim. Ujana wake alikaa Unguja, karibu na sokoni, na Kiswahili chake hajakisahau, ingawa amekipunguza vipande. Siku ya kwanza aliponisikia namwambia mtu "pole bwana" alitoka nje ya duka akanishika mkono kama jamaa yake aliyepotea. Alikuwa anatafuta mtu anayejua kusoma, kuandika na kupima kwa uaminifu. Kiarabu changu kilikuwa bado kinachechemea, na hakuna afisi iliyonitaka.

Sasa utabibu wake haufanani na wa hospitali. Mtu akija kulalamika goti, Mzee Jetha haliangalii goti. Anamshika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, anafumba macho, kisha anamwambia atoe ulimi. Baada ya hapo maswali: jana ulikula nini, saa ngapi, uliposhika chakula ulikuwa na njaa au ulikula kwa mazoea tu, kiungulia unacho, choo chako kikoje. Kiarabu chake ni kibovu kuliko changu, kwa hivyo mimi ndiye niliyekuwa nikiyafasiri maswali hayo kwa watu wazima wenye ndevu nyeupe na majambia viunoni. Wiki ya kwanza nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Siku moja nikamuuliza mbona kila maradhi anayarudisha tumboni. Akaweka mizani chini. "Nassor, kila mtu ndani yake iko moto. Sisi naita agni. Wewe kula chakula, moto ule napika mara ya pili. Kama pika vizuri, chakula nageuka damu, nyama, mfupa, mpaka nuru ya macho. Kama moto hafifu, chakula nabaki mbichi, naoza, nazurura mwilini. Kaa goti, wewe sema maradhi ya goti. Kaa kifua, wewe sema maradhi ya kifua. Sasa mimi napa dawa ya goti? Hapana. Kwanza jiko. Jiko baridi, hata dawa yangu nalala mbichi humo humo."

Nilicheka moyoni, mama. Nilisema haya ni maneno ya kuuzia tangawizi. Nikaendelea kutwanga.

Ami Hilal hakucheka. Unamjua shemeji yako ingawa hamjaonana miaka. Nilipofika hapa sina mbele wala nyuma ni yeye aliyenipokea, akanipa chumba na godoro, na akaniambia nyumba ni yangu. Lakini aliposikia nimeajiriwa na Baniani kutwanga, uso ulimbadilika. "Mtoto wa ndugu yangu! Watu wa nyumba hii hawatwangi." Tangu siku hiyo baina yetu ikabaki salamu tu. Na majirani nao walikuwa na lao, ati huyo Mzanzibari wa Hilal hajui Kiarabu, hajui kukaa barazani, anajua kunuka bizari. Nilijikaza kisabuni.

Kisha Ami akaumwa. Alianza kwa kiungulia, tumbo likajaa upepo, mwili ukaanza kuteketea. Mtu aliyekuwa akipanda mlima kwa miguu baina ya Maskati na Matrah bila ya kutua akawa anashika ukuta kwenda chooni. Dawa za kila namna alikunywa, kombe la aya alikunywa, wapi. Mkewe, Bi Thuwaiba, siku moja alinivuta uani akaniambia, "Nassor mwanangu, nletee huyo Hakim wako. Bwana akifoka, anfokee mimi."

Nikamleta, na Ami hakufoka. Alitaka, lakini Mzee Jetha alikuwa ameshavua viatu mlangoni, na mtu akishavua viatu mlangoni kwa Ami Hilal ni mgeni, hata angekuwa nani. Akamkaribisha, akaamuru sinia. Mzee Jetha hali vilivyopikwa nyumba ya watu wa dini nyengine, akachukua komamanga moja zima, akalitia mfukoni, akashukuru. Wakatazamana kwa adabu. Kisha vidole vitatu, kisha ulimi. Ulimi wa Ami ulikuwa mweupe kama umepakwa chokaa.

"Kwa siku kula mara ngapi, Sheikh?"

"Mbili. Na hizo mbili ni tonge tatu tatu. Waulize nyumba nzima."

Bi Thuwaiba akaapa nyuma ya pazia kuwa ni kweli, tena hizo tonge tatu ni za kubembelezwa. Mzee Jetha akatoa amri yake: maji ya vuguvugu yaliyochemshwa na tangawizi, uji mwepesi wa mchele na chumvi kidogo, na zaidi ya hapo chochote kisipite kinywani mpaka mgonjwa mwenyewe aseme ana njaa. Aseme mwenyewe, asisemewe.

Wiki ikapita, Ami akazidi. Mzee Jetha alirudi, akashika mkono, akauachia, akaushika tena. Kisha akasema, "Jiko hii nashindiliwa kuni. Nani natia?"

Mama, ungeuona uso wa Ami! Kuambiwa muongo ndani ya majlis yake, sebule ya wageni alimotandikiwa kitanda, na mtu aliyemkaribisha! Alinyanyuka nusu kitandani. "Mimi Hilal muongo?" Mzee Jetha akavaa viatu vyake taratibu akatoka. Ami akanigeukia mimi. "Ijumaa ikipita na hali hii, chukua sanduku lako umfuate Hakim wako. Ukalale dukani kwake, na kinu chako."

Sikuwa na pa kwenda, nawe unalijua hilo. Lakini wallahi lililoniuma zaidi ni kuwa nilikuwa namtazama mtu aliyenipa godoro lake akifa, na yeye anaona mimi ndiye ninayemvunjia heshima. Nikakimbilia Matrah. Mzee Jetha hakukasirika hata kidogo. Aliniambia, "Wewe nakaa nyumba ile. Kesho usije kazi. Kaa na yeye siku nzima. Usitazame sahani. Tazama mkono."

Nikakaa. Nikajibanza pembeni mwa majlis kama mtu anayesoma, nikautazama mkono wa Ami.

Baada ya sala ya alfajiri wakaja watu wa msikitini kumtazama mgonjwa. Unajua desturi, mgeni hakai bila ya sinia ya kahawa, wenyewe wanaiita fuala: tende, halua, na buli la kahawa chungu. Sinia ikatua. Ami akajiinua kwa tabu, akanyoosha mkono, akachukua tende ya kwanza, maana mwenye nyumba asipoanza mgeni ataona haya. Kisha tonge ya halua kwa vidole vitatu. Kisha tende nyengine, maana mwenye nyumba akitoa mkono wake siniani na mgeni naye atatoa wake, hata kama hajatosheka. Wakaondoka wale wakaja wa soko. Wakaondoka wa soko wakaja jamaa wawili wa Qurayyat na gunia la tende za shamba lao, wakaapa kwa Mungu kuwa hawatii kitu kinywani mpaka Ami azionje. Akazionja. Waliposikia Hilal yu hoi, watu walizidi kuja. Walipozidi kuja, yeye akazidi kula. Alipozidi kula akazidi kuwa hoi, na watu wakazidi kuja.

Mchana Bi Thuwaiba akamletea uji wake. Akaonja vijiko vitatu, akasukuma bakuli. "Mnaona? Sina hamu ya kula." Na hakuwa akidanganya, mama. Hapo ndipo nywele ziliponisimama. Yule mzee alikuwa akisema kweli tupu, kwani kwa hesabu zake yeye tangu asubuhi alikuwa hajala kitu.

Kila sinia ilipoondolewa mimi nilichukua kokwa alizoziweka yeye nikazitia mfukoni mwa kanzu. Baada ya sala ya alasiri, wageni walipopungua, nikapiga moyo konde, nikakaa mbele ya kitanda chake, nikazimwaga kokwa zote juu ya busati. Zilikuwa thalathini na moja.

"Nini hizi?"

"Zako, Ami. Za leo tu. Na halua haina kokwa, ile sikuweza kuihesabu."

Akazitazama. "Hicho si chakula. Hicho kahawa."

"Ami, nsamehe. Tumbo halijui kama kile ni heshima au ni chakula. Lenyewe linapokea tu."

Nilidhani atanirushia buli. Aliokota kokwa moja akaigeuza. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea, tena kwa sauti ndogo. "Sasa mimi nfanyeje, Nassor? Nimuache mgeni ale peke yake kama mwizi? Nifunge mlango? Baba yangu hajafunga mlango, na baba yake hajafunga. Bora nife uko wazi." Na machozi yakamlenga. Hapo nikafahamu kuwa hakuwa mkaidi kama nilivyomdhania. Alikuwa akiona haya kuliko alivyokuwa akiogopa kufa.

Ami hana mtoto wa kiume, mabinti zake wote wameolewa mbali. Nyumba yenye mtoto wa kiume baba akiumwa mtoto ndiye anayekaa siniani. Nilijua hilo, na nilijua mimi ni nani katika mji huu, lakini maneno yalishanitoka. "Basi tumia mkono wangu, Ami."

Aligeukia ukuta.

Asubuhi yake wakaja watu, majlis ikajaa, wakubwa wa mtaa wote wapo. Sinia ikatua. Ami akanyoosha mkono, nami moyo ukanianguka nikasema basi, imekwisha. Mkono wake ukapita juu ya tende, ukaja ukanishika kifundo, ukauvuta mkono wangu mpaka siniani mbele ya macho ya wote. Akasema kwa Kiarabu, nami nakufasiria neno kwa neno: "Huyu ni mtoto wa ndugu yangu, ametoka Unguja. Mkono wake ndio mkono wangu. Kuleni."

Wakala, mama. Wale wale walionicheka bizari wakala wakinifuata mkono. Nilichukua tende ya kwanza na sikujua ladha yake.

Tangu siku ile nikawa nakula kwa niaba ya ukoo. Asubuhi kabla ya kwenda kazini, jioni nikirudi, Ijumaa kutwa nzima. Halua nimekula mpaka nikaiota. Siku ya sita kiungulia kikanishika mimi, na Mzee Jetha akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, akaniandikia uji ule ule wa Ami, wa mchana na jioni. Ami naye amekaa kwenye mto wake, gilasi ya maji ya tangawizi mkononi, ananisimamia: "Nassor, mgeni hajatosheka, rudisha mkono." Alikuwa akistarehe yule mzee!

Siku ya tisa, baada ya adhuhuri, nami nimerudi kwa chakula cha mchana, tulisikia ukelele. Bi Thuwaiba aliangusha birika. Mimi nilikimbia peku. Tulimkuta Ami amekaa kitako, macho yamemtoka, amejishika tumbo kama mtu aliyeibiwa.

"Nyie! Nna njaa! Nna njaa mie!"

Mtaa mzima ulisikia. Mzee Jetha akaitwa mbio. Alishika kifundo, akatazama ulimi, ulikuwa mwekundu kama wa mtoto. Dawa hakutoa. Alisema, "Mchele na choroko, lainisha, bizari kidogo, samli kijiko moja. Nusu ya tumbo chakula, robo maji, robo acha tupu moto napate pumzi. Na asile tena mpaka hii iishe ndani."

Ami akamtazama sana. "Hayo hata sisi tumeambiwa tangu zamani, thuluthi chakula, thuluthi maji, thuluthi pumzi. Tumeyaacha msikitini, hatukuyaleta kwenye sinia." Kisha akala, na machozi yakamtiririka usoni mpaka kidevuni, wala hakuyafuta. Mzee Jetha akachukua komamanga lake akaenda zake.

Sasa Ami anapanda mlima kama zamani. Mwezi uliopita alikuja Matrah, akasimama mbele ya duka na watu wa soko wote wanamtazama. Nilisimama kwa adabu. Akaketi mkekani, akavuta kinu, akatwanga mara tatu, akanirudishia mchi. "Watu wa nyumba hii sasa wanatwanga," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka duka la nne. Nilitwanga tangawizi ile mpaka ikawa vumbi, nilikuwa sioni vizuri.

Haya, mama. Sasa wewe.

Nilimsomea Mzee Jetha kikaratasi cha Zuhura. Nilitegemea ataniuliza ulimi wako, usingizi wako, choo chako, nikawa nimejitayarisha kuona haya. Aliniuliza moja tu. "Mama nakula na nani?"

Nikarudi kutwanga. Katikati ya kutwanga jibu likanijia. Tangu baba alipofariki tulikuwa tukila sinia moja mimi na wewe, na kila siku nilikuwa mimi wa mwanzo kunyanyuka. Wewe hukuutoa mkono wako hata siku moja kabla ya wangu. Hata ulikuwa ukizungusha tonge bure pembeni ili nisione haya kuongeza. Nilikuwa nikidhani una hamu ya chakula kuliko mimi. Mama, ulikuwa ukila kwa ajili ya mkono wangu, na mkono huo niliondoka nao.

Ami Hilal alikula akasema hajala. Wewe hujala unasema umeshakula. Nakuelewa vizuri kuliko unavyodhani, kwa hivyo usinifiche tena.

Dawa yenyewe ni hii. Asubuhi maji ya vuguvugu. Kabla ya chakula kipande chembamba cha tangawizi mbichi na chumvi na tone la ndimu, utafune. Ndani ya kifurushi hiki mna tangawizi kavu niliyoitwanga mimi mwenyewe. Usijilazimishe nyama, anza na choroko na mchele, samli kidogo. Ramadhani inabisha hodi, nami sitaki uingie nayo hali hiyo. Na dawa kubwa Mzee Jetha amesema haiko dukani kwake: Zuhura aje kila mchana akae mbele yako kwenye sinia moja, atie mkono wake, na asiutoe mpaka utoe wako. Zuhura, umesikia? Hata kama umeshiba. Mimi nimekula halua ya mji mzima, nawe hutashindwa na choroko ya mama.

Saa zetu zinawatangulieni kidogo. Kila mchana nikikaa kula na Ami, tonge ya kwanza naishika mkononi kidogo nikikungoja, kabla sijaila. Ami ananiona, naye huizuia yake.

Nisalimie dada Zuhura na mumewe fundi cherehani, na wanawe wote unibusie. Nisalimie Bi Kidawa jirani yetu anayekuchotea maji, Mungu amlipe. Nisalimie mwalimu wangu wa chuoni, mwambie mkono alioufundisha kuandika sasa unatwanga na haujasahau kuandika. Ami Hilal na Bi Thuwaiba wanakusalimu sana, na Mzee Jetha anasema anakuamkia ingawa hamjuani.

Unaponijibu, mama, usiniandikie tena kuwa hujambo. Neno hilo nimelisoma mpaka limechakaa. Ngoja siku itakapofika, hata ikichelewa, kisha chukua kalamu mwenyewe, usimpe Zuhura, hata herufi zikipinda, uniandikie maneno mawili tu yale aliyoyapigia ukelele Ami Hilal.

Ni mimi mwanao, mkono wako,

Nassor